Umri wa Bunduki Umeandikwa Chumani

Kigali ni mji uliozaliwa chini ya ulinzi wa bunduki za kigeni. Richard Kandt, daktari wa Kijerumani aliyeteuliwa kuisimamia Rwanda kwa niaba ya serikali ya Kaisari, aliuanzisha mwaka 1907, na Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka. Nyumba inayobeba jina la Kandt kule Nyarugenge leo ni makumbusho. Ndiyo maana mtu akiibuka na bunduki kuukuu hapa mjini, hadithi yake huwa tayari: ni ya Mjerumani, au ni ya zama za Mwami Rwabugiri, mfalme wa Rwanda.

Hadithi hiyo ya pili ihojiwe sana. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Unguja, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani. Silaha za njia hiyo ndizo zilizokuwa zimempa mtawala Mirambo nguvu Unyamwezini. Rwanda, hata hivyo, iliwafungia mlango wafanyabiashara wa pwani, na wengi wao waliishia Kafuro, katika nchi ya Karagwe. Jeshi la Rwabugiri, aliyefariki 1895, liliogopwa kwa mikuki na pinde. Mwaka uliofuata, kule Shangi karibu na Ziwa Kivu, jeshi la mrithi wake lilipambana na askari wa Dola Huru ya Kongo wenye bunduki, likashindwa vibaya. Kama ghala za Mwami zingejaa bunduki, Shangi isingekuwa vile.

Sasa tuishike bunduki yenyewe. Tuseme ni gumegume: mtutu mrefu, jiwe la kutoa cheche, kisahani cha baruti ubavuni. Mtazamaji huona umbo hilo akasema ni ya enzi za Sayyid Said, sultani wa Unguja. Pole pole! Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha nafasi kwa gumegume zenye mitutu laini na baruti ya kawaida. Viwanda vya Liège na Birmingham vikaendelea kuzitengeneza kwa soko la Afrika hadi karne ya 20. Kwa hiyo gumegume inaweza kuwa changa kuliko bunduki ya Mauser iliyolala pembeni yake. Geuza mtutu, tafuta mhuri wa Liège karibu na kitako: herufi ELG ndani ya duara dufu. Ukikuta taji juu ya duara hilo, bunduki imekaguliwa mwaka 1893 au baadaye. Bunduki ni ya kweli kabisa. Kilichoanguka ni hadithi tu.

Kwa Mjerumani kazi ni nyepesi kidogo. Askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871 vita vilipoanza 1914. Ni bunduki ya milimita 11, na moshi wa baruti yake nyeusi ulimfichua mpigaji kila alipofyatua. Ubavuni ina maandishi “Mod. 71” kwa herufi za Kigothiki; kuna mwaka, kuna taji, na mara nyingi jina la kiwanda, kama vile Spandau, Amberg au Erfurt. Hata skrubu zake zina tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki. Zikipishana, sehemu zimebadilishwa. Hilo peke yake si udanganyifu, kwa sababu bunduki ya vitani hutengenezwa kwa chochote kilichopo.

Nakala za kisasa ni jambo jingine. Za mapambo humwagwa kwa zinki: sumaku hainati, mshono wa kalibu unaonekana chini ya mtutu, na tundu la moto halikutobolewa. Zile za Gardone Val Trompia, Italia, ni kazi safi, zinafyatua kweli, na zimepigwa mhuri wa herufi PN chini ya nyota. Mlaghai huufuta kwa tupa. Pitisha kidole chini ya mtutu. Penye bonde dogo lililong'aa, mhuri uliuawa hapo. Kuna pia nakala za Martini-Henry, bunduki ya Kiingereza, za mafundi wa mpaka wa Pakistani na Afghanistani, zenye herufi N iliyogeuzwa, na alama ya Malkia Victoria pamoja na mwaka wa baada ya 1901, mwaka aliofariki.

Gobole nisilitie katika kundi hilo. Fundi wa kijijini aliyegeuza bomba kuwa mtutu hakumwiga mtu ili amdanganye mnunuzi. Alitengeneza silaha yake, nayo ina haki ya kabati lake la makumbusho.

Ninachokiogopa zaidi ni msasa. Mwenye mali hutaka bunduki ing'ae, akasugua kutu, na mihuri ikaenda na kutu. Tishio jingine ni tanuri. Chini ya Itifaki ya Nairobi ya 2004, Rwanda na majirani zake wamejifunga kudhibiti na kuteketeza silaha zilizozagaa. Ni kazi ya lazima katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari ya 1994, na anayeokota bunduki aiache ilivyo, awaite polisi, kwani inaweza kuwa na risasi ndani. Lakini kabla ya msumeno kupita, apigiwe simu mtu wa makumbusho, na mihuri ya chini ya mtutu ipigwe picha. Ni kazi ya dakika chache.