Nyumba ya rehani mjini Kigali: hesabu inayopaswa kutangulia saini

Anayenunua nyumba kwa mkopo wa rehani huikabidhi benki dhamana juu ya mali hiyo hadi faranga ya mwisho ilipwe. Hatari kubwa haimo katika bei iliyotangazwa, bali katika riba.

Tuchukue mfano wa mkopo wa faranga milioni 30 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 11, ambayo ni kiwango cha mpango wa Gira Iwacu wa Benki ya Maendeleo ya Rwanda (BRD), malipo ya kila mwezi hukaribia faranga 310,000. Kwa asilimia 17, kiwango kisicho kigeni katika benki za biashara, hufikia 440,000. Katika mwezi wa kwanza wa mkopo huu wa pili, faranga 425,000 ni riba tupu. Kinachopunguza deni ni 15,000 hivi. Baada ya miaka 5 mkopaji huwa amelipa zaidi ya milioni 26, ilhali deni la msingi limesalia takriban milioni 28.6. Wengi huona jedwali hili baada ya kutia saini, nalo lingepaswa kuombwa kabla.

Aidha, baadhi ya nyumba mjini hutajwa bei kwa dola. Mwaka 2023 faranga ilipoteza takriban asilimia 18 ya thamani yake dhidi ya dola, huku mishahara ya walio wengi ikilipwa kwa faranga.

Malipo yakikwama, sheria ya rehani ya mwaka 2009 haimlazimu mkopeshaji kwenda mahakamani kwanza. Huwasilisha ombi kwa Msajili Mkuu katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), na nyumba huweza kupangishwa, kuchukuliwa au kuuzwa kwa mnada, yaani cyamunara. Bei ya mnada mara nyingi huwa chini ya ile ya soko. Isipotosha kufidia deni, riba na gharama, salio huendelea kudaiwa.

Wanandoa walioandikwa pamoja katika hati ya ardhi sharti waridhie rehani wote wawili, na ridhaa hiyo si ya adabu tu: ndiyo inayoiweka nyumba ya familia mnadani.

Mkopaji aliyeanza kulemewa hufaa aiendee benki kabla ya kukosa awamu, aombe muda urefushwe. Malipo ya mwezi hupungua, ingawa jumla ya riba huongezeka.