Uharibifu wa Kumbukumbu katika Kerneli
Uharibifu wa kumbukumbu ni hitilafu itokeayo pale sehemu moja ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, inapoandika katika anwani isiyo milki yake, ama kwa kuvuka mpaka wa eneo ililopewa, ama kwa kulitumia eneo lililokwisha kurejeshwa. Taabu ya kuitafuta asili yake ni kwamba athari aghalabu haidhihiri mahali pa kosa, bali huzuka baadaye katika sehemu nyingine isiyo na hatia. Katika Linux, iliyoasisiwa na Linus Torvalds mwaka 1991, njia mojawapo ya tangu zamani ni kuyajaza maeneo yaliyorejeshwa alama maalumu, baiti 0x6b, ili ikikutwa imebadilika ijulikane kwamba pameguswa pasipo idhini. Toleo la 4.0, la mwaka 2015, lilileta KASAN, zana ya kugundua makosa ya namna hiyo, ambayo, katika namna yake ya awali, kwa kila baiti 8 za kumbukumbu huweka baiti 1 ya kivuli ielezayo zipi ni halali kuguswa. Na kwa kuwa kila usomaji na uandishi hukaguliwa kabla ya kutendeka, kosa hudhihirika papo hapo, ijapokuwa kwa gharama ya kasi na nafasi.