Kamusi Elezo Isiyohitaji Waya: Tarikhi ya Kiwix

Mnamo tarehe 15 Januari 2001, Jimmy Wales na Larry Sanger walipoifungua Wikipedia huko Marekani, katika misingi yake mlikuwamo sharti moja ambalo wasomaji aghalabu hawaliangalii, nalo ni kuwa kila makala itakayoandikwa humo itakuwa halali kwa mtu yeyote kuinakili, kuichapa na kuigawa, mradi ataje ilikotoka wala asiwanyime wengine ruhusa ile ile aliyopewa yeye. Lau sharti hilo lisingalikuwapo, kazi ninayoitolea tarikhi hapa ingalikuwa ni wizi. Kwa kuwapo kwake ikawa ni kazi ya heri.

Miongoni mwa wa kwanza kuitumia ruhusa hiyo walikuwa Wajerumani, ambao mwaka 2004, kwa mkono wa wachapaji Directmedia wa Berlin, waliitia Wikipedia ya lugha yao katika diski. Kisha mwaka 2007 ikatoka diski ya Kiingereza, yenye makala takriban 2,000 tu zilizochaguliwa. Na mwaka huo huo Emmanuel Engelhart, aliyekuwa mhariri wa Wikipedia tangu 2004, akishirikiana na Renaud Gaudin, akaanzisha programu ya Kiwix, ambayo muradi wake haukuwa kuchagua makala zilizo bora, bali kumpa mtu asiye na intaneti kila kilichomo. Nasi wa pwani hii tuna sababu ya kuutia mwaka huo maanani, kwani waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari haukuanza kutumika Mombasa na Dar es Salaam ila Julai 2009, na kabla yake mawasiliano yetu yalipitia katika satelaiti, kwa gharama ambayo shule nyingi hazikuweza hata kuifikiria.

Mwenye kudhani kuwa kazi yenyewe ilikuwa ni kunakili tu, na azingatie haya. Wikipedia ikaayo katika seva si kitabu kilichokwisha kupangwa. Ni maandishi ghafi yaliyojaa alama na vigezo, ambayo hugeuzwa kuwa ukurasa wa kusomeka pale tu msomaji anapouomba. Kwa hiyo iliwapasa waundaji waziandae kurasa zote mapema, mamilioni kwa mamilioni, wapunguze uzito wa picha, na wavielekeze viungo vya ndani vifunguke pasipo mtandao. Hapo likazuka tatizo la pili, ambalo kwangu mimi ndilo lenye uzuri zaidi: vipi uikandamize hazina kubwa kiasi hicho hata ienee katika chombo kidogo, ilhali msomaji apate makala moja kwa upesi bila ya kuifumua yote?

Jawabu lilikuja na fomati iitwayo ZIM, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2009 kwa kurithi fomati ya Zeno ya Wajerumani, na kusaidiwa na jumuiya ya Wikimedia ya Uswisi. Humo makala hufungwa mafungu mafungu, na kila fungu hukandamizwa peke yake, mithili ya mwenye ghala ambaye akitakiwa kanga moja hufungua robota moja na kuyaacha mengine na kamba zake. Ili lijulikane fungu la kufunguliwa, majina yote hupangwa kwa taratibu. Programu hutazama jina la katikati, ikaiacha nusu isiyohusika, ikatazama tena katikati ya nusu iliyobaki, na kwa mwendo huo hata majina yakiwa milioni 6, hatua 23 zatosha kulifikia lolote. Ndiyo maana simu dhaifu huweza kulisoma faili ambalo isingaliweza kamwe kulibeba lote katika kumbukumbu yake ya kazi.

Mwaka huo huo wa 2009 kilitokea pia chombo cha mkononi kiitwacho WikiReader, chenye kutumia betri mbili ndogo, walakini hakikudumu, kwa kuwa kilifungamana na umbo lake lenyewe. Kiwix ililitenga faili na programu isomayo, na kwa hekima hiyo ikahama kutoka kompyuta hadi simu, na kutoka simu hadi vile visanduku vidogo virushavyo Wi-Fi darasani. Mwaka 2012 mradi wa Afripedia ulivipeleka vyombo vya namna hiyo katika vyuo vikuu vya Afrika inayotumia Kifaransa, mahali ambapo wanafunzi wengi hugombania waya mmoja.

Siku hizi faili la Kiingereza pamoja na picha zake huzidi gigabaiti 100. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huenea katika simu ya bei nafuu na kubakisha nafasi, wala aliyekwisha kuipakua hahitaji bando tena kuisoma, akaweza kumpa jirani yake nakala kwa kadi ya kumbukumbu. Ila faili la namna hii lina upungufu mmoja nao ni mzito, kwamba halijirekebishi, na kosa lililosahihishwa mtandaoni hubaki humo vile vile. Mwalimu atakayeliweka shuleni kwake na atazame kwanza jina la faili, ambamo mwaka na mwezi wa nakala huandikwa mwishoni, na akiona umri umezidi, alipakue jipya.