Daftari Lililohama

Katika soko la Mununga nchini Zambia, kando ya Ziwa Mweru, mahali ambapo chisense, samaki wadogo wa ziwa hilo, waliokauka juani hupimwa na kufungwa magunia wakingoja gari la Nchelenge, pana kibanda cha mbao ambamo hukaa mama mmoja mwenye simu mbili na daftari la shule lililochakaa jalada; na mfanyabiashara aliyevuka maji kutoka upande wa Pweto, Kongo, akiisha kuuza mzigo wake, humkabidhi fedha mama huyo, naye huzigeuza kuwa tarakimu chache ndani ya simu. Tarakimu hizo hazikai kibandani wala ndani ya simu yenyewe. Hukaa katika seva za kampuni ya simu, mbali na ziwa, katika chumba ambacho hakuna mvuvi aliyepata kukiona.

Asili ya chumba hicho, kwa upande wetu wa Afrika, yatupasa tuitafute Dar es Salaam mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha ilipofunga kompyuta ya kwanza ya Tanzania, nayo ilikuwa ICT 1500. Herufi hizo ni za kampuni ya Kiingereza, International Computers and Tabulators, iliyozaliwa mwaka 1959 kwa kuungana kampuni mbili kongwe zilizoishi kwa kuuza mashine za kadi za matundu, ufundi ambao Herman Hollerith aliutumia kuhesabia watu wa Marekani mwaka 1890. Na tusisahau kusema kwamba ICT 1500 yenyewe haikuwa kazi ya Waingereza: ilikuwa mashine ya RCA ya Marekani, jina lake 301, iliyovishwa jina jipya.

Wakati huo watengenezaji walikuwa katika mashindano yasiyo na pumzi. Mwezi wa Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, jamii nzima ya mashine, ndogo kwa kubwa, zenye kusoma programu zile zile. Kabla mwaka haujaisha ICT ikajibu kwa mfululizo wake wa 1900, uliojengwa juu ya mashine iliyobuniwa Kanada. Na mwaka 1968 ICT ikaungana na kampuni nyingine ikawa ICL. Mnunuzi aliyeko Ulaya aliweza kufuatana na mwendo huo, kwa kuwa mafundi wa kampuni walikuwa jirani zake. Mnunuzi wa Dar es Salaam alipokea kreti bandarini, na pamoja nayo wataalamu wa kigeni ambao siku moja wangefunga mizigo yao wakaenda zao.

Kazi ilianzia kwenye kadi. Kila kadi ilikuwa na safu 80, na karani aliyeketi mbele ya mashine ya kutoboa alitakiwa aandike jina, nambari na mshahara wa mtumishi kwa matundu tu. Tundu moja likikosewa, mtu hupewa mshahara wa mwenzake. Nayo kadi ni karatasi, hunyonya unyevu ikavimba, na ikivimba hukwama. Kwa hiyo katika mji wa joto la pwani chumba cha mashine kilistahili kupozwa usiku na mchana, hata kama waziri mwenyewe anajipepea kwa gazeti.

Kufikia mwaka 1974 nchi ilikuwa na kompyuta 7. Khazina ilikwisha kuukabidhi mfululizo wa 1900 hesabu za serikali, na hesabu zikaharibika, kwa sababu programu ziliandikwa na wageni na makarani wa kuzisahihisha hawakuwa wamefundishwa. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pamoja nazo. Hali Zanzibar, katika miaka hiyo hiyo, ilikuwa na televisheni ya rangi. Wengi huitaja amri ile kwa kicheko. Mimi siioni kuwa ya kuchekwa sana: aliyetiwa hasara na chombo asichokifahamu, na kila mwaka akaambiwa kuwa dawa yake ni chombo kipya zaidi, ana haki ya kufunga mlango kwanza apate kufikiri. Kosa, kwa rai yangu, ni kwamba mlango ulikaa umefungwa muda mrefu, na hata kompyuta ndogo za mezani zilipokuja katika miaka ya themanini zilipita kwa idhini na kwa taabu.

Zambia ilishika njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, walianza kwa kutuma barua za kompyuta kwa waya wa simu hadi Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini, na mwaka 1994 wakaanzisha Zamnet, ikawa miongoni mwa milango ya kwanza kabisa ya intaneti kusini mwa Sahara.

Na ghala la kumbukumbu likapungua umbo. Mwaka 1956 IBM ilitoa RAMAC, sahani 50 zilizopangwa juu ya mhimili mmoja, zilizobeba herufi milioni 5, na mashine nzima ilikuwa na uzito wa takriban tani moja. Kadi ya gigabaiti 64 iliyo ndani ya simu ya mama yule, ndogo kama ukucha, ni sawa na RAMAC 12,800.

Alasiri moja nilikuwa nimesimama kibandani mteja wa kutoka Pweto alipouliza, "Mama, rezo haiko?" Mama akatazama simu ya kwanza, kisha ya pili, akasema netiweki imekwenda, amngoje kidogo. Kisha akavuta daftari la shule, akailamba ncha ya kalamu kwa ulimi, akaandika jina, kiasi na saa, akamgeuzia mteja atie sahihi.