Mafuta ya Kikaango katika Injini ya Dizeli

Msomaji, uonapo lori likipanda mlima huku likitoa moshi mweusi, huenda usidhani kwamba injini ya namna hiyo iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini ndivyo ilivyokuwa katika maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1900. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika, yaliyokuwa na karanga tele, yangeweza kuendesha mitambo bila kuagiza makaa wala mafuta kutoka ng'ambo. Injini ikaenda vizuri, hata ni watu wachache tu waliotambua tofauti.

Mwenye kuibuni, Rudolf Diesel, hakutumia cheche. Aliibana hewa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta. Injini yake ya mwaka 1897, iliyojengwa Augsburg, ilikuwa na nguvu za farasi 20, nayo iligeuza robo na zaidi ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za siku zile ziliachwa nyuma sana.

Basi, mbona karanga zikasahauliwa? Mafuta ya ardhini yalikuwa rahisi, na yale ya mimea ni mazito mno. Huziba nozeli na kuacha masizi magumu katika silinda. Dawa yake ilipatikana Ubelgiji. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Brussels alisajili njia ya kuyageuza mawese kwa spiriti yakawa mepesi, na mwaka 1938 basi la abiria likayatumia kati ya Brussels na Louvain. Ubelgiji ndiyo iliyoitawala Kongo, nchi ya michikichi. Mkwezi wa mchikichi hakulipanda basi hilo.

Njia iyo hiyo hutumiwa leo kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi na samaki. Huchujwa, hutiwa methanoli na soda kali, na gliserini hutuama chini. Jambo hili si dogo: injini ya Paris ilikula chakula cha watu, hii hula mabaki.

Je, moshi? Serikali ya Marekani ilikusanya majaribio mengi mwaka 2002. Dizeli iliyochanganywa na asilimia 20 ya mafuta ya soya yaliyogeuzwa hivyo ilipunguza masizi kwa asilimia 10 hivi, na kaboni monoksidi kwa 11. Lakini oksidi za nitrojeni, zidhuruzo mapafu, ziliongezeka kwa 2, na nguvu ikapungua kidogo. Masizi hupungua kwa kuwa mafuta hayo yana oksijeni ndani yake, yakaungua vema zaidi. Wala usishangae ukisikia harufu ya viazi nyuma ya gari.