Ndoana na Zimwi: Historia ya Neno "Troll"

Katika Kiingereza yamo maneno mawili yaandikwayo "troll", na yaaminika kuwa asili zao ni mbalimbali. La kwanza ni kitenzi cha mvuvi: kukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kiendacho polepole. La pili latoka Skandinavia, nalo ni jina la zimwi la ngano. Matumizi ya neno hili katika mitandao ya kompyuta yalianza na lile la mvuvi.

Usenet, mtandao wa mijadala uliobuniwa na wanafunzi wa Marekani mwaka 1979, ulikuwa na desturi zake, na kila Septemba vyuo vilipofunguliwa walimiminika wageni wasiozijua. Katika baraza la alt.folklore.urban, lililochambua visa vya uvumi, wenyeji walikuwa wakiwatupia wageni chambo kufikia mwaka 1992: swali lililokwisha kujadiliwa mara nyingi, au kosa la makusudi. Mgeni aliyeharakisha kusahihisha alikuwa amenasa. Mwenyeji aliutambua mzaha, akacheka kimoyomoyo. Ulikuwa utani, ingawa wenye kiburi kidogo.

Mwaka 1994 kampuni ya AOL iliwafungulia wateja wake mlango wa Usenet, na msimu wa wageni haukuwa na mwisho tena. Utani hutaka watu wanaojuana. Wasipojuana, ndoana ile ile huumiza. Judith Donath, katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1999, aliueleza kuwa mchezo wa udanganyifu juu ya nafsi, unaochezwa bila ridhaa ya wengi wa wachezaji. Kitenzi kikazaa nomino, nayo, kwa kufanana sauti, ikavaa sura ya zimwi.

Badiliko hili lina uzito. Kitenzi huuliza mtu amefanya nini. Nomino hudai kumjua mtu mwenyewe. Mwenye kujisifu kwa jina la bandia, ambaye Waingereza humwita mwanasesere wa soksi, aweza kuonyeshwa majina yake mawili. "Troll" hana ushahidi wa namna hiyo, kwani kosa lake liko katika nia. Kwa hiyo hata mpinzani mkaidi aaminiye asemayo aweza kuitwa hivyo, na mara aitwapo, wenzake huusiana wasimlishe, yaani wasimjibu. Mfasiri wa Kiswahili akichagua "zimwi" atakuwa amefasiri nusu hiyo ya pili tu, hali msamiati wa nusu ya kwanza, mshipi, ndoana na chambo, umo tele vinywani mwa wavuvi wa mwambao.