Shokomzoba za Mzee

"Hii tukate?" fundi aliniuliza, grinda mkononi, waya tayari umechomekwa kwa stima.

Tulikuwa kwenye gereji yake ya mabati hapa Salgaa, nyuma ya uwanja ambako malori ya kwenda Malaba hulala. Chini, juu ya gunia, ilikuwa pikipiki ya baba: Yamaha DT175 ya mwaka 1976, tanki limebonyea pande zote mbili, kiti kimeliwa na panya. Alichotaka kukata ni vipande viwili vya chuma vilivyochomelewa kwenye mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu. Yamaha hawakuviweka. Mtu aliviongeza baadaye, na kazi yenyewe ilikuwa mbaya, uvimbe uvimbe kama nta iliyomwagika. Fundi aliona takataka. Mimi sikujua ninaona nini, kwa hivyo nikamwambia angoje.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Dada yangu mdogo amemaliza kusomea afya ya mifugo na anaanza kazi ya A.I., kupandisha ng'ombe kwa mbegu za kuhifadhiwa, kule juu Molo na Kuresoi. Pesa ya Boxer mpya hana. DT ya mzee imelala stoo zaidi ya miaka kumi. Tuitoe, tuibadilishie shokomzoba, aende kazi. Nilijitolea kusimamia kwa sababu kwetu mimi ndiye yule msee anayejifanya anapenda vitu vya kale.

Wacha nirudi nyuma kidogo, maana bila hii historia huwezi kuelewa vile vipande vya chuma.

Pikipiki za kale hazikuwa na springi yoyote nyuma. Gurudumu lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, na kati ya mawe na uti wa mgongo wako kulikuwa na upepo wa tairi na springi za chini ya kiti, basi. Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili waliotoka London Desemba 1934 wakavuka Sahara na kufika Cape Town mwaka uliofuata, walipanda Panther ya namna hiyo hiyo, na bado ilikuwa inavuta trela. Sijui walikuwa wanalala kwa mgongo au kwa tumbo.

Mwaka wa 1935 BMW wakatoa foko ya mbele yenye oili ndani. Hapo ndipo mambo yalibadilika. Springi peke yake inabeba uzito, lakini haijui kunyamaza: ukiibonyeza inarudi, inapitiliza, inashuka tena, na wewe unaruka ruka kama mtoto kwa kitanda cha wageni. Oili inayosukumwa kupitia vitundu vidogo ndiyo inayoituliza. Ukielewa hilo umeelewa shokomzoba yote: springi ya kubeba, oili ya kutuliza. Oili ikichoka, iwe imevuja au imejaa povu kwa joto, unabaki na springi tu.

Kwa miaka mingi baadaye, pikipiki za vumbi zilikuwa na shokomzoba mbili nyuma, zimesimama wima karibu na ekseli, na gurudumu lilipanda na kushuka kama sentimita kumi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, mhandisi Lucien Tilkens, akawaza tofauti. Alitoa zile mbili akaweka moja ndefu, akailaza chini ya tanki, na mkono wa nyuma ukawa kama pembetatu inayoisukuma. Yamaha wakanunua wazo lake. Mwaka wa 1973 Mswidi Håkan Andersson akashinda ubingwa wa dunia wa motokrosi wa 250cc akiwa na Yamaha, na msimu huo ndio shokomzoba moja ilipoingia mashindanoni. Ndani yake kulikuwa na gesi ya naitrojeni iliyobanwa ili oili isitoe povu. Shika hiyo naitrojeni, tutaihitaji.

Wengine waliobaki wangefanya nini? Wazo lilikuwa limenunuliwa. Wakachukua misumeno. Kuanzia mwaka wa 1974 waendeshaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wanakata fremu zao wenyewe nyuma ya nyumba, wanasogeza vishikio vya shokomzoba mbele, wanavichomelea upya. Maico wa Ujerumani wakaanza kuuza pikipiki za namna hiyo katikati ya mwaka ule ule. Kufikia mwisho wa muongo, sentimita kumi zilikuwa zimekaribia thelathini. Ukisoma vitabu vya Wazungu wanaita haya mapinduzi ya uhandisi. Ukiangalia picha, ni jua kali.

DT ya mzee ilitoka kiwandani katikati ya hizo vurugu lakini hazikuigusa. DT175 ilipata shokomzoba moja mwaka wa 1978. Hii yetu, ya miaka miwili kabla, ni ya zile mbili za wima.

Sasa mtu wa motokrosi Ubelgiji anahitaji sentimita za ziada ili aruke vilima. Fundi wa ng'ombe huku kwetu anazihitaji za nini?

Nikampigia mzee simu. "Baba, ni wewe ulichomelea hivi vyuma vya nyuma?"

"Nani mwingine?" akasema. Halafu, kama mtu anayejibu swali nililopaswa kuuliza miaka mingi iliyopita: "Ni mtungi."

Kenya ilianza A.I. zamani, na kituo cha Kabete cha kuhifadhi madume na mbegu kilianzishwa mwaka wa 1946, zama za masetla. Baada ya uhuru, mwaka wa 1966, serikali ikaunda huduma ya kitaifa ili mkulima mdogo naye apate. Wazee wa huku bado wanaikumbuka: gari la serikali linapita njia ile ile kila siku, saa inajulikana, na wewe unangoja kando ya barabara na ng'ombe wako aliye joto. Mwaka wa 1991, wakati wa yale masharti ya Benki ya Dunia na IMF ya kupunguza matumizi, serikali ikaanza kujitoa na kazi ikaachiwa watu binafsi na vyama vya ushirika. Gari likaacha kuja. Ng'ombe hawakuacha kuingia joto.

Mzee alikuwa mmoja wa waliojiajiri. Alinunua DT kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali, akafunga mtungi nyuma. Mtungi wenyewe ni kama chupa kubwa ya chai: chombo ndani ya chombo, katikati hakuna hewa, na kile cha ndani kinaning'inia kwa shingo yake tu. Kimejaa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani ya hiyo baridi ndiko zinakaa mbegu kwenye vimirija vyembamba kuliko kalamu. Mtungi ukitikiswa vibaya siku baada ya siku, shingo inapata ufa. Huoni ufa. Unaona asubuhi moja mtungi umetoka jasho na baridi nyeupe kwa nje, na kufikia jioni naitrojeni imekwisha na kila kitu kilichokuwa ndani kimekufa. Mzee alipoteza mmoja hivyo kwenye barabara ya marram ya kupanda kutoka Rongai. Mama ndiye aliyeniambia kwamba muhula ule mimi nilikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya karo. Nilikuwa nimedhani nilikuwa mgonjwa.

Kwa hivyo akaenda kwa mchomeleaji. Alisogeza vishikio vya chini mbele, mbali na ekseli, kwa kukisia tu, akatafuta springi nzito kwa watu wa skrepu Nakuru. Mzee hajawahi kusikia neno Maico. Alifikiria tu kama mtu anayesukuma mlango: ukisukuma karibu na bawaba, mkono wako unasogea kidogo na ukingo wa mlango unasogea sana.

Na hesabu yake inakubali, ila ina bei. Tuseme gurudumu sasa linasogea mara moja na nusu ya shokomzoba. Sentimita nane za shokomzoba zinakuwa kumi na mbili za gurudumu, sawa. Lakini shokomzoba inabeba uzito mara moja na nusu, na springi ile ile inahisi laini kwa gurudumu mara mbili na robo, maana nguvu inapungua na mwendo unaongezeka, vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana alitafuta springi nzito. Na kile kishikio kipya, kilichochomelewa katikati ya bomba lililotengenezwa kubeba uzito mwishoni, kinapokea kila jiwe la Rongai mpaka Molo.

Nilimweleza fundi haya yote kwa furaha, nikiamini nimemshinda. Hii ni kumbukumbu, nikamwambia, hatuwezi kuikata. Alinisikiliza vizuri. Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta taa, akalowesha chuma chote, akangoja, akapangusa mpaka kikakauka. Akasaga chaki ya shule, akainyunyiza juu. Tukakaa. Lori moja likapita likilia breki. Kwenye kishikio cha kushoto, ule unga mweupe ukaanza kulowa kwa mstari mwembamba kama unywele, urefu wa kucha.

"Dada yako atashuka Sachangwan na hiyo?" akauliza.

Kama hujui hii barabara, wacha nikueleze. Kutoka Mau Summit kuja Nakuru inashuka kwa kilomita nyingi, na madereva wengine wa malori huachilia gia ili kuokoa mafuta. Breki zikipata moto, hakuna kitu tena. Hapa juu kidogo, Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukawaka, zaidi ya mia moja wakafa. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori vilikutana uso kwa uso na watu 36 wakafa. Baada ya hapo ndipo barabara ikagawanywa kwa kuta za zege. Fundi alikuwa Salgaa siku zote hizo mbili. Hakusema chochote zaidi, na hakuhitaji. Pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma linalegea hapo, mbele ya lori la tani kadhaa, haina hadithi ndefu.

Tukakata.

Uzuri ni kwamba vishikio vya kiwandani bado vilikuwepo, nyuma karibu na ekseli, vimefunikwa na grisi na vumbi la miaka. Swali likawa ni shokomzoba gani. Fundi alitaka za Boxer kwa sababu ndizo zimejaa kila duka. Tangu VAT ilipoondolewa mwaka wa 2008 kwa pikipiki zilizo chini ya 250cc, nchi imejaa nduthi za India, na kufikia 2011 zilikuwa zinasajiliwa zaidi ya laki moja kwa mwaka. Sizidharau. Ile Boxer yenye springi ndani ya springi inabeba watu watatu na gunia la viazi bila kulalamika. Lakini tulipopima, zilikuwa fupi kwa vidole viwili. Ukishusha nyuma, foko ya mbele inalala, usukani unakuwa mzito kugeuka na gurudumu la mbele linakuwa jepesi kwenye mlima wa matope. Huko ndiko anakoenda kufanya kazi. Tukazunguka Nakuru siku mbili tukapata za mitumba, za Kijapani, za urefu unaofaa, oili haijavuja.

Mbele hatukununua kitu. Tulimwaga oili iliyokuwa imegeuka uji mweusi, tukaweka nzito kidogo kuliko inayoshauriwa, kiasi sawa kila upande, na juu ya kila springi fundi akaweka kipande cha paipu ya maji ili ibanwe zaidi. Kisha dada akapanda, na mtungi wa maji wa lita ishirini nyuma yake badala ya naitrojeni. Fundi akapima: kati ya sentimita kumi, nyuma ilikuwa imezama tatu. "Hapo," akasema. Ikizama zaidi itagonga chini kwenye kila shimo. Isipozama kabisa, gurudumu litaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata.

Nikamuuliza dada kuhusu mtungi wake, maana sasa tulikuwa tumerudi kwenye sentimita zile zile zilizomshinda baba. Akanionyesha sanduku alilotengeneza kwa mbao na mipira ya ndani ya tairi la gari. Mtungi unaning'inia katikati, haugusi mbao. "Pikipiki inibebe mimi," akasema. "Mtungi una springi zake."

Jumapili nilimpelekea mzee vile vipande viwili kwenye mfuko wa plastiki. Alivitoa, akavipima uzito kwa mkono, akaweka cha kushoto kwenye mwanga wa dirisha mpaka akauona ule mstari.

"Hiki ndicho tulianza nacho," akasema. "Siku hiyo stima ilikuwa inapotea potea."

Akakirudisha mfukoni, akanyoosha mgongo polepole kama anavyofanya siku hizi, akauliza foko ya mbele tumeweka oili ya nini.